Siku Somoe Aliponiomba Radhi

Mmoja wenu alinipigia simu wiki iliyopita, binti aliyeanza kazi ya ushauri nasaha mwaka huu. Baada ya shikamoo hakuzunguka: "Bi Tatu, mshauri akiingia chumbani na mteja, dini yake anaiacha wapi?" Nilicheka hadi chai ikanipalia. Sikucheka kwa dharau. Swali hilo mimi lilinichukua karibu nusu ya utumishi wangu kulifikia, na yeye kaliuliza hata kabla hajajua ufunguo wa choo cha watumishi unakaa wapi. Nikamwambia nitaandika, maana kwa simu vocha yake ingeisha kabla sijafika popote. Haya basi, na wenzake msome.

Nianze na aibu ndogo. Nilikuwa muuguzi hapa Kilwa, nikapelekwa kozi ya ushauri miaka ile watu walipoanza kupimwa virusi vya UKIMWI kwa wingi na hapakuwa na wa kuzungumza nao. Nilirudi na cheti, nikapewa chumba chenye viti viwili, meza, na feni iliyopiga kelele kuliko wateja. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa madrasa, kwa hiyo tasbihi haikunitoka mkononi. Nikimsikiliza mtu, vidole vinasogeza punje moja baada ya nyingine, wala mwenyewe sina habari. Siku moja mzee mmoja alinyamaza katikati ya maelezo yake, akaitazama mikono yangu.

"Mwanangu, unanihesabia maneno?"

"Hapana, babu."

"Basi unanihesabia dhambi."

Alisema kwa upole kabisa. Akachukua kofia yake, akaaga, na sikumwona tena.

Nilikwenda kumweleza Mzee Kosmas, nikitegemea atanionea huruma. Huyu alikuwa muuguzi wa afya ya akili, mkubwa wangu kazini, Mmakonde wa huko juu uwandani, Mkatoliki asiyekosa sala ya asubuhi. Chumba chake kilipakana na changu. Akafungua droo ya meza yake, akanionyesha rozari imelala kando ya mhuri. "Mteja akibisha hodi, naiweka humu," akasema. Nikamwambia vizuri, na mimi kuanzia kesho tasbihi naiacha nyumbani, dini nyumbani na kazi kazini. Akatikisa kichwa. "Ukiiacha nyumbani utajidanganya kwamba huna. Mimi naiweka hapa ili nijue iko wapi."

Niliona ni maneno ya mzee anayependa kusikilizwa. Lakini tasbihi nikaiweka kwenye droo yangu, nikajihesabu nimehitimu.

Sikuwa nimehitimu kitu. Alikuja mkulima mmoja wa korosho kutoka Kilangala, amekonda, akasema kuna shetani anamkalia kifuani kila akilala. Mkono wangu ulikuwa mtupu, tasbihi iko drooni, na bado nilimpa darasa zima kuhusu ushirikina, na hukumu yake, na sura za kusoma kabla ya kulala. Alinisikiliza kwa adabu. Akatoka, akamkuta Mzee Kosmas kwenye varanda, nikamsikia anamwambia, "Nilifuata nesi, nikapewa madrasa." Kosmas akamkaribisha kwake. Mimi marehemu mama aliniita mpekuzi, na sikuona haya kusogeza kiti karibu na ukuta. Kosmas aliuliza swali moja tu: "Huyo anayekukalia, anataka nini?"  Yule bwana akasema shetani anataka yeye akamzuru babu yake kaburini, ambako hajakanyaga tangu agombane na ndugu zake juu ya shamba. Yakatoka yote, na shetani hakutajwa tena. Mimi nilikuwa na mtu yuleyule, kiti kilekile, na sikutaka hata kujua shetani wake anatafuta nini. Hilo lilinikera kwa wiki nzima.

Sasa nije kwa Somoe. Jina hilo si lake. Kalichagua mwenyewe nilipomwomba ruhusa ya kuwaandikia, na nilimsomea haya yote kabla hamjayaona ninyi.

Somoe alikuwa mama wa miaka kama thelathini, wa Somanga, akikaanga samaki kando ya barabara kuu na kuwauzia abiria wa mabasi ya Lindi na Dar es Salaam. Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minne. Mtoto aligongwa na gari akivuka barabara hiyo, akafa palepale. Miezi mitatu baadaye Somoe alikuwa halali wala hali, dada yake akamleta kwetu.

Alikaa kwenye kiti kile akasema machache sana. La ajabu, mengi yalikuwa juu ya karai lake la kukaangia. Kwamba ni karai zito, ni la mama yake, kwamba mkono mmoja ulikatika akaufunga waya. Karai, karai. Nilishangaa moyoni mtu aliyefiwa anaongea habari ya karai, lakini sikuuliza. Kumbukeni hilo karai. Kisha akasema, "Mwanangu," akakwama. Na mimi sikuweza kustahimili ule ukimya. Maneno yakanitoka yenyewe, matamu, yameiva.

"Kazi ya Mungu haina makosa, mdogo wangu. Na mtoto mdogo hana dhambi. Anakusubiri mlangoni mwa pepo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ananisubiri?"

"Anakusubiri."

Akajifunga mtandio, akashukuru, akaenda. Kwenye faili niliandika: mteja amepata faraja. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo.

Lazima mjue maneno yale niliyatoa wapi. Mimi mtoto wangu wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Mama yangu aliketi ukingoni mwa kitanda, akanishika miguu, akaniambia maneno hayohayo, na wallahi yaliniokoa. Nilitembea nayo zaidi ya miaka ishirini, nikayasema kwa kila mama aliyefiwa, na kila nilipoyasema, mimi mwenyewe nilipata nafuu kidogo. Sikuwahi kujiuliza nani kati yetu alikuwa anatibiwa.

Wiki mbili baadaye Somoe alirudi, peke yake. Alikuwa ameoga, kanga mpya, uso umetulia. Akasema anaendelea vizuri, usingizi unakuja. Dakika kumi tu, akasimama, akanipa mikono miwili.

"Bi Tatu, naomba radhi. Kwa lolote nililokukosea, niwie radhi."

Wale wenu mliotoka bara pengine hamjui. Kwetu pwani Ramadhani ikikaribia watu huombana radhi. Jirani kwa jirani, mke kwa mume, hata watu waliogombana mwaka mzima juu ya kuku, wanasameheana ili waingie kwenye mfungo na moyo mweupe. Ukiombwa radhi, unajibu. Hakuna anayefikiri, ni kama kuitikia marahaba.

"Nimekuwia radhi," nikamjibu, "nawe uniwie radhi." Nikafurahi. Nilimwona Mwislamu mwenzangu aliyerudi kwenye mstari.

Saa saba mchana nilimkuta Mzee Kosmas anakula mihogo yake ya kuchemsha, nikamsimulia. Nilikuwa najisifu, sitawaficha. Akaniuliza, "Ramadhani ni lini?"

"Bado. Rajabu ndio kwanza umeandama. Kuna Shaabani nzima mbele."

"Yaani miezi miwili kasoro." Akaacha kutafuna. "Ninyi huombana radhi mapema hivyo?"

"Hapana. Siku mbili tatu kabla."

"Na zaidi ya Ramadhani, huombana lini?"

Nikamjibu kama mwanafunzi anayejua somo. Mtu akienda Hija. Mtu akienda safari ndefu. Na mgonjwa akishajiona kwamba...

Sikuimaliza sentensi. Nikainuka kutafuta namba ya dada yake Somoe. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijapata kuona methali ikitimia mbele ya macho yangu namna ile. Mimi nililijua neno lile tangu utotoni, ndiyo maana halikunishtua. Kosmas halikuwa la kwao, akalisikia.

Simu ya dada yake Somoe haikupatikana. Kulikuwa na gari la chanjo linaelekea Somanga, tukamwomba dereva, tukapanda na maboksi ya barafu magotini. Njiani Kosmas aliniambia, "Ukifika, muulize jambo lenyewe kwa jina lake. Usizunguke." Nikajua anasema neno gani. Baba yangu neno lile hakulitamka hata kwa kusimulia habari za watu wa mbali, na mimi niliamini kulitaja ni kuliita. Nikamwambia naogopa nisije nikamtia wazo kichwani. "Wazo analo tayari," akasema. "Utakachofanya ni kumpunguzia kulibeba peke yake." Shikeni hilo, wanangu. Niliogopa sana ndani ya gari lile, na sikujua kama tutamkuta.

Somanga, gari lilisimama penye wakaanga samaki. Kitu cha kwanza nilichokiona ni karai lenye mkono wa waya, linachemka, na anayegeuza samaki si Somoe. Nikamuuliza yule mama kalipata wapi.

"Kanipa jana, dada. Kasema yeye hakaangi tena." Akaendelea kugeuza. "Mtu mwema yule. Kapita nyumba zote anaomba radhi. Na sisi tumemwia radhi, tufanyeje?"

Kijiji kizima kilikuwa kimejibu kama mimi. Nikakimbia, na umri wangu na kilo zangu.

Tulimkuta, alhamdulillahi. Nikapiga hodi, akaitikia karibu kwa sauti ya kawaida. Kosmas akabaki kibarazani, mimi nikaingia. Somoe alikuwa amekaa mkekani anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye mfuko. Nikakaa mbele yake. Pumzi ilikuwa bado haijanirudia.

"Somoe, uliponiomba radhi leo asubuhi, ulikuwa unakwenda wapi?"

Akakunja gauni dogo la manjano, akalikunjua, akalikunja tena.

"Unafikiria kujiua?"

Neno likatoka na paa halikuanguka. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa ndoo. "Ndiyo," akasema.

Hapo utoto wangu wote ulinijaa kooni. Haramu, adhabu, aya, na sauti ya baba juu ya yote. Nilimsikia baba waziwazi kabisa. Na kwa mara ya kwanza nilijua kuwa anayetaka kusema ni yeye, si mimi, na kwamba Somoe hukumu ile anaijua tangu utotoni na haikumzuia. Nikamwomba baba asubiri, nikauliza, "Kwa nini?"

"Si wewe uliniambia ananisubiri?"

"Nilikwambia."

"Bi Tatu, mwanangu hajui kusubiri. Ugali ukichelewa analia. Nikienda kisimani nikikawia, namkuta mlangoni kalia mpaka sauti imemkauka. Sasa wewe umeniambia yuko mlangoni. Kila nikilala namsikia."

 Akaendelea, bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Na ukasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikafikiri, kweli. Basi aliyekosea nani? Pale tulikuwa mimi na Mungu tu."

"Nieleze ilivyokuwa," nikamwambia. Swali hilo nilipaswa kuanza nalo wiki mbili zilizopita.

Akaeleza. Alikuwa ng'ambo ya barabara na sinia lake, anauza kwenye madirisha ya basi. Akageuka, akamwona mtoto anacheza karibu na karai, mafuta yanachemka. Akaogopa ataungua. Akamwita, "Njoo huku kwa mama!" Na mtoto alikuwa msikivu. "Nilimwita mimi," akasema, na akalisema tena, na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Kwa miezi mitatu hakuna aliyelisikia neno hilo. Kila akilikaribia, mtu anamwekea habari za peponi mdomoni.

Alipotulia aliniuliza kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. "Yale maneno nani alikufundisha?"

Kozi ilisema mshauri asijitaje. Lakini niliona nikimdanganya sasa, sitapata tena nafasi. Nikamwambia kuhusu mwanangu wa siku kumi na moja, na mama yangu.

"Na wako anasubirije?"

Nilifikiri. Zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kumtazama vizuri. "Wangu kalala," nikasema. "Alikuwa mchanga. Karibu siku zote alikuwa amelala."

"Ndiyo maana," akasema Somoe. "Wako hakuwahi kukuita."

Tukalia wote wawili. Vitabu vinasema mshauri asilie mbele ya mteja. Siku ile sikuwa na kitabu.

Hatukumwacha peke yake. Dada yake alipatikana, Somoe akahamia kwake siku ileile, Kosmas akampangia daktari na dawa za kumsaidia kulala na kupunguza huzuni, na kwa miezi kadhaa nilimwona kila wiki. Nilizungumza kidogo kuliko nilivyowahi kuzungumza maishani, jambo lililowashangaza hata watu wa nyumbani kwangu. Na msidhani Mungu hakutajwa. Siku moja aliniuliza mwenyewe, "Mtoto akilia kule, nani anambembeleza?" Jibu la baba lilikuwa tayari ulimini, tena lenye aya zake za ushahidi. Nikalimeza. "Wewe ungependa awe nani?" nikamuuliza. Akafikiri, akatazama feni. "Bibi yake. Mama yangu alikufa anampenda, na alikuwa na mgongo wa kubebea." Wiki iliyofuata dada yake aliniambia Somoe kalala usiku mzima, hadi wakaogopa wakaenda kumwamsha. Dawa zilisaidia, sikatai. Lakini yule bibi hayumo kwenye duka lolote la dawa, na mimi nisingeweza kumpata hata ningesoma vyuo vyote. Alikuwa wa Somoe.

Siku hizi fomu zenu zina kisanduku cha dini, mnaweka alama mnaendelea. Wekeni. Lakini Somoe na mimi tungeweka alama kwenye kisanduku kimoja, tunasali tukielekea upande mmoja, na wake analia wakati wangu amelala. Mimi nilimwogopa mteja wa dini nyingine nisije nikamkosea, kumbe wa kumwogopa ni yule anayefanana nami. Mazoea yana tabu. Yanakuzibia masikio na kukuacha ukidhani umesikia.

Mkiniuliza nafanyaje, nawaambia nilichokuwa nafanya hadi nastaafu. Nilikuwa na daftari dogo, si faili la mteja, na kila jioni kabla ya kufunga chumba niliandika jambo moja: leo nimesema nini haraka? Lile linalokutoka haraka, tamu, lisilohitaji kufikiriwa, mara nyingi ni la kwako. Si baya. Ni lako tu, na ni vizuri ulitambue kabla hujamvisha mwenzio. Madaftari hayo nimeyahifadhi, yako saba. Nikiyasoma sasa namkuta mama yangu kila ukurasa, na baba kurasa chache tu, ingawa yeye ndiye niliyekuwa nikimlinda mlangoni asiingie. Hilo nalo bado linanishangaza. Sijamaliza kujichungulia.

Na tasbihi? Iliendelea kukaa kwenye droo. Nikifungua asubuhi naiona, nasema, ahaa, uko hapo.

Somoe alirudia kukaanga samaki mwaka uliofuata, upande wa barabara yanaposimama mabasi, asivuke tena. Karai alilidai likarudi kwa vita kidogo, maana yule mama alishalizoea. Tangu wakati huo kila Shaabani inapokaribia kwisha hunipigia simu. "Bi Tatu, naomba radhi." Nami siitikii. Namuuliza kwanza, "Unakwenda wapi?" Anacheka: "Siendi popote, nakaanga." Hapo ndipo ninamwia radhi.

Mwaka huu nilimtangulia. Nimezeeka, magoti yananisumbua, Mzee Kosmas tumeshamzika, na nilikuwa nimeamka na moyo mzito bila sababu ya maana. Nikampigia, nikasema, "Somoe mdogo wangu, naomba radhi."

Hakuitikia. Nilisikia mafuta yanachemka, kisha nikasikia akimwambia mtu ashike kijiko. Akasogea penye utulivu.

"Bi Tatu," akasema, "unakwenda wapi?"

Nikamwambia nakwenda sokoni kununua tende, na ilikuwa kweli. Akasema sawa, lakini kesho atakuja kunitazama. Akaja, na samaki.